Lubumbashi: Payoti ya arusi inaanza na udongo, mvula na upepo, maua yanakuja nyuma

Siku ya posho, mchana, mtu akitoka Golf mpaka Katuba atasikia honi za magari ya arusi kabla ya kuyaona. Maharusi wametoka komini, wamepita kanisani, sasa wanaelekea mahali pa karamu. Na kwa familia nyingi za Lubumbashi mahali hapo si ukumbi wa kulipia tena. Ni nje: bustani ya kukodi, parseli ya mjomba, au uwanja wa nyuma ya nyumba, na katikati payoti yenye vitambaa vyeupe na taa ndogondogo.

Picha zinapendeza. Lakini kazi yenyewe mara mingi inafanywa kinyume. Kamati ya arusi inakutana, kitu cha kwanza kuzungumuzwa ni rangi: dhahabu na nyeupe, ao bordo na pinki? Feza za maua zinatoka, za baluni zinatoka, za tapi nyekundu zinatoka. Swali la paa, la ardhi na la umeme linakuja siku mbili mbele ya sherehe, wakati mfuko umebaki mtupu. Mvula ya dakika ishirini inatosha kuharibu yote, na moto hauhitaji hata dakika hizo.

Payoti ni jina la Kifaransa, linatoka kwa neno linalomaanisha nyasi makavu. Kitu chenyewe si kigeni. Wazee Wabemba na Walamba wa huku kusini mwa Katanga walikuwa na insaka: paa la nyasi juu ya nguzo, bila kuta, ambamo wanaume walikaa kula, kusikiliza mashauri na kupokea mgeni. Tangu zamani ilijengwa kwa akili ya hali ya hewa ya hapa, na hiyo akili njo inakosekana kwenye payoti nyingi za siku hizi.

Tarehe kwanza

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvula inakuja kwa nguvu toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, na miezi ya 10 na 4 haina neno la kuaminika: inaweza kukauka juma zima, kisha siku moja mawingu meusi yanasimama saa tisa za mchana. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvula karibu haipo kabisa. Njo maana arusi za nje zinajaa katika miezi hiyo, na wenye bustani wanapandisha bei.

Lakini kiangazi nacho kina mambo yake. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi kali, na bibi arusi mwenye nguo isiyo na mikono atatetemeka mbele ya kamera. Mwezi wa 6 jua linazama muda mfupi kabla ya saa 12 za jioni, na baridi inafuata mara moja. Sherehe ikipangwa kuanza saa kumi na moja, kama ilivyo desturi itaanza saa moja na nusu, na hapo wazee wameisha kujifunika makoti. Mwezi wa 8 na wa 9 joto linarudi pamoja na vumbi jekundu na moshi wa pori linaloungua. Kitambaa cheupe kikitundikwa asubuhi, jioni kina rangi ya chai.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kamati ni mwezi. Arusi ya mwezi wa 7 inahitaji kinga ya upepo na joto. Ya mwezi wa 9 inahitaji kumwagia udongo maji na kutundika vitambaa mwishoni kabisa. Ya mwezi wa 12 inahitaji paa la kweli kwa kila mgeni, si kwa maharusi peke yao.

Ni watu wangapi wataingia?

Hesabu hii inafanywa na wachache, lakini si ngumu. Payoti ya mviringo yenye upana wa mita 6 ina eneo la mita mraba 28 hivi. Meza moja ya watu kumi, pamoja na viti vilivyovutwa nyuma, inakula karibu mita 3 kwa 3, ni kusema mita mraba 9. Basi payoti hiyo inabeba meza tatu tu, na tayari watu wanagusana mabega.

Maana yake ni kwamba payoti ya kawaida si ya wageni. Ni ya maharusi, pareni na mareni, na pengine wazazi. Wageni wanakaa mbele yake, chini ya shapito ao chini ya nyota. Kwa wageni 200 hesabu inasema meza 20, mita mraba 180, na ukiongeza njia, nafasi ya kucheza na meza ya chakula inafika karibu 300. Katika parseli nyingi za Kenya na Kamalondo, ukiondoa nyumba, choo na kisima, nafasi hiyo haipatikani. Familia nyingine zinaamua kufunga avenue. Hapo inafaa kwenda mapema kwa ofisi ya kartie na ya komini, na kuongea na majirani nyumba kwa nyumba, juu ya gari la mgonjwa linapaswa kupata njia hata kama muziki iko juu.

Njia ya kuingilia maharusi iachwe na upana wa mita 2. Watu wa hapa hawaingii kwa kutembea, wanaingia kwa kucheza, wawili wawili, na dakika ishirini zinaweza kupita kabla ya bibi arusi kufika kwenye kiti.

Payoti igeuzwe wapi? Upepo wa kiangazi unatoka sana upande wa kusini-mashariki, basi mgongo wa payoti uelekee huko. Na wageni wasiwekwe wakitazama magharibi, maana jua la jioni litawapiga machoni wakati wa hotuba za wazazi.

Paa la nyasi

Nani anataka kujenga payoti ya kudumu katika parseli yake, kitu cha kuangalia ni mteremko. Nyasi haizuii maji kama bati, inayatelemusha. Paa likiwa la kulala, maji yanasimama, yanaoza nyasi, yanashuka kwenye keki. Mafundi wa nyasi wanataka mteremko wa digri 45 ao zaidi. Njia rahisi ya kupima: kama payoti ina upana wa mita 6, ncha ya paa isimame mita 3 juu ya vichwa vya nguzo. Ikiwa fupi kuliko hapo, mvuje utakuja tu. Unene wa nyasi nao usipungue shibiri moja.

Nyasi zinakatwa kiangazi, zikiisha kukauka lakini mbele ya moto wa pori kupita. Anayengoja mwezi wa 10 kutafuta nyasi atakuta majivu, ao atalipa bei ya mtu aliyezikata na kuziweka mwezi wa 6.

Nguzo ni hadithi ingine. Zamani mtu alikata mubanga, mti mgumu ambao mchwa na maji vinaushinda kwa shida. Leo pori la kuzunguka Lubumbashi limekwisha kwa makala, na mubanga mzuri unatoka mbali. Wengi wanatumia mikaratusi. Si vibaya, ila mkaratusi uliochomekwa moja kwa moja katika udongo wa Katanga ni chakula cha mchwa. Anayeona vichuguu vya hapa, vingine virefu kupita nyumba, haitaji kuelezwa. Wapo wanaopaka nguzo mafuta machafu ya gari. Mafuta hayo yanashika moto na yanachafua nguo za wageni. Afazali nguzo isimame juu ya kisiki cha beto, imefungwa na chuma, sentimita ishirini juu ya udongo. Mchwa akipanda, njia yake ya udongo itaonekana na itafutwa.

Chini pia kuna kazi. Sakafu ya payoti inyanyuliwe sentimita 15 ao 20, na mfereji mdogo uzunguke pale maji ya paa yanapoangukia. Udongo wa kichuguu, ukitwangwa na kumwagiwa maji, unatoa sakafu ngumu kwa bei ndogo. Kwenye majani ya bustani, viatu vya visigino virefu vinazama. Mbao ao changarawe kwenye njia ya bibi arusi zitaokoa aibu nyingi.

Bashi, shapito na uzito wa maji

Familia isiyo na payoti inakodi shapito, ao inafunga bashi kwenye nguzo na ukuta. Hapa ndipo hatari inafichwa na uzuri wa vitambaa. Maji yenye kina cha sentimita 10 juu ya mita mraba moja yana uzito wa kilo 100. Bashi ikilegea na kutengeneza bwawa la mita 2 kwa 2, kilo 400 zinaninginia juu ya meza ya watu, na nguzo ndogo haiwezi. Bashi lazima ivutwe, iwe na mgongo katikati na mteremko wa pande mbili. Mvula ikianza, watu waondolewe kwanza chini ya bwawa, kisha mtu asukume maji kwa fagio akiwa pembeni, si katikati.

Upepo unafanya kazi kinyume: hauangushi, unanyanyua. Zile hema nyepesi za kukunja, zenye miguu minne, ni mwavuli mkubwa. Kamba na vigingi kwenye udongo uliolowa havishiki. Pipa la litre 200 lililojazwa maji lina kilo 200, na pipa moja kwa kila mguu, likifunikwa na kitambaa na chungu cha maua juu, hakuna mgeni atakayejua kama ni nanga. Vitambaa vya pembeni vifungwe kwa fundo linalofunguka haraka. Dhoruba ikikaribia, vifunguliwe, kwa sababu kitambaa kilichofungwa pande zote ni tanga la mtumbwi.

Na radi ikianza kupiga karibu, payoti, shapito na mti mkubwa vyote si kinga. Watu waingie katika nyumba ao katika magari. Kamati inapaswa kujua mapema ni nyumba gani itafunguliwa na ni nani ana ufunguo.

Moto: jambo ambalo hakuna anayetaka kulisema kwenye kamati

Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 2009, huko Jahra nchini Kuwait, hema ya arusi iliwaka moto. Watu zaidi ya 50, wote wanawake na watoto, walikufa. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini kilichoua wengi hivyo ni kwamba hema ilishika kwa muda mfupi sana na njia ya kutoka ilikuwa ndogo. Mwezi wa 9 mwaka 2023, huko Qaraqosh nchini Irak, ilikuwa ndani ya ukumbi: fataki zilizowashwa wakati maharusi wanacheza zilifikia mapambo ya darini, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Lubumbashi ina vitu vyote hivyo pamoja. Satini na tuli za sintetiki zinayeyuka na kudondoka zikiwaka. Nyasi za paa katika mwezi wa 8 ni kavu kama karatasi. Fataki za kwenye keki zimekuwa mtindo, na mishumaa pia. Chini ya paa la nyasi hakuna nafasi ya fataki hata moja, na hata zile zinazouzwa kwa jina la moto baridi zinatoa cheche. Anayezitaka aziwashe uwanjani, mbali na payoti, upepo ukienda upande mwingine. Mishumaa inaweza kubadilishwa na zile za pili; kwenye picha hakuna tofauti.

Jiko la michopo na masufuria ya bukari vikae upande ambao upepo unatoka payoti kwenda, yaani kiangazi ni kaskazini-magharibi, na angalau hatua ishirini mbali. Hivyo cheche hazirudi, na moshi hauingii machoni mwa wageni. Mapipa mawili ya maji na ndoo, na mtu anayejua viko wapi. Payoti iwe na njia mbili za kutoka, moja isizibwe na meza ya zawadi.

Kuna kifo kingine kisicho na moto. Usiku wa baridi ya mwezi wa 7, watu wanafunga vitambaa pande zote na kuingiza mbabula ndani kupasha wazee joto. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, anafikiri ni bia. Gurupu inatoa gesi hiyo hiyo. Mbabula ikae mahali penye wazi pande mbili kwa uchache, na gurupu nyuma ya ukuta, moshi wake ukielekea nje. Kwa wazee, blanketi na chai ya moto vinafanya kazi vizuri zaidi.

Taa

SNEL inaweza kukata katikati ya hotuba, kila mtu anajua. Gurupu ijaribiwe na mzigo wote siku moja mbele: bafle, taa, firigo. Waya wa muziki na waya wa taa vitengwe, ili moja ikianguka ingine ibaki. Waya usipitishwe chini ya tapi, unapata joto bila mtu kuona. Upitishwe juu, ao pembeni ndani ya tiyo. Viungo vya waya visilale kwenye majani. Ampuli za led ni bora kuliko za zamani kwa sababu mbili: zinakula umeme kidogo, na hazichomi kitambaa kinachozigusa.

Kisha kuna inswa. Jioni za mvula za kwanza, mwezi wa 10 na wa 11, kumbikumbi hao wanatoka kwa maelfu na kwenda moja kwa moja kwenye taa. Kwa watoto ni chakula na furaha. Kwa keki ni msiba. Dawa yake ni ya kale: taa moja kali nyeupe iwekwe mbali, kwenye kona ya parseli, na kwenye meza zibaki taa za manjano zisizo kali. Inswa wataenda kwenye kali. Asubuhi yake mama wa nyumba atakuta beseni imejaa, na hiyo si hasara.

Sasa, mapambo

Vyote vikiisha kusimama, mpambaji anaweza kuja. Kosa linaloonekana sana kwenye picha za Lubumbashi si maua, ni bashi ya buluu. Mchana mwanga unapita ndani yake na kila sura inakuwa ya buluu, hata vipodozi vya bei kali. Kitambaa cheupe kikitandazwa chini yake kinapunguza tu. Afazali kukodi shapito nyeupe tangu mwanzo na kupunguza baluni.

Rangi zichaguliwe baada ya kikwembe. Familia mbili zimeisha kununua bikwembe vya sare, na watu mia wenye kikwembe cha kijani na machungwa ndio mapambo makubwa kuliko yote uwanjani. Payoti ikivaa zambarau na pinki juu yao, macho yanachoka. Achukuliwe rangi moja ya kikwembe, iwekwe kwenye mikanda ya viti na kwenye meza ya maharusi. Sehemu nyingine zote zibaki nyeupe ao rangi ya nyasi.

Matawi ya mchikichi yanapendeza kwenye mlango, ila yawe na akili. Matawi peke yake kando ya barabara yanaambia wengi kwamba pale kuna kilio. Mgeni anayepita kwa pikipiki anaweza kuvua kofia. Yafungwe pamoja na utepe wa rangi na maua ya bugenvile, na hakuna atakayekosea. Bugenvile ni ya bure karibu kila ukuta wa mjini, inavumilia joto, ingawa ikikatwa haipendi kukaa mkononi: ikatwe asubuhi, iwekwe ndani ya maji kivulini, itundikwe baada ya saa kumi. Mwisho wa mwezi wa 9, jakaranda zinapochanua, kuna avenue ambazo zimeisha kupambwa bila mtu kulipa franka. Busara ni kupiga picha huko.

Kuna kitu kimoja ambacho Katanga inacho na wapambaji wanakisahau: shaba. Misalaba ya shaba ilikuwa feza ya nchi hii kabla ya wakoloni, na familia ziliitumia hata katika mahari. Mafundi wa shaba wa Lubumbashi wanaitengeneza mpaka leo, midogo na mikubwa. Msalaba mmoja nyuma ya viti vya maharusi, ukipigwa na taa ya manjano, unasema mengi kuliko herufi za plastiki za majina yao, na baada ya sherehe unaenda nao nyumbani.

Mwisho, payoti inahitaji mtu mmoja wa kuisimamia toka mchana mpaka wageni wa mwisho waende: wa kuangalia mawingu, kufungua vitambaa, kuongeza mafuta ya gurupu, kuzuia kijana mwenye fataki. Asilipwe bia, alipwe kazi. Na asiwe shangazi wala mjomba wa bibi arusi, kwa maana muziki ya kuingia ikipigwa tu, huyo atakuwa mbele ya mstari, anacheza.